Alipasuliwa kichwa, sasa anataka kurudi uwanjani: kofia ya Čech inatosha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 18, yuko kidato cha tano, anacheza beki wa kati. Miezi mitano iliyopita, kwenye mechi ya mchangani, aligongana vichwa na mshambuliaji wakiwania mpira wa kona. Alianguka, wakammwagia maji, akainuka akamaliza mechi. Jioni kichwa kikaanza kumuuma, akatapika, akalala na tukashindwa kumwamsha. Hospitali ya rufaa walimpiga CT-Scan, wakakuta fuvu lina ufa na damu imevilia ndani, wakampasua usiku uleule. Mungu ni mwema, anaongea, anatembea, amerudi shule. Kocha wake anasema akivaa kofia kama ya Petr Čech, yule kipa wa Chelsea, anaweza kuanza kucheza, maana Čech alivunjika fuvu na akarudi baada ya miezi mitatu. Kaka yetu hataki kusikia, anasema Ryan Mason, yule kiungo wa Hull City, naye alivunjika fuvu na akaishia kustaafu. Tumsikilize nani? Dada mtu, Songea.

JIBU: Marahaba dada, na poleni sana kwa usiku ule. Kwa sasa mdogo wako asicheze mechi, na asipige mpira kwa kichwa hata mazoezini, awe na kofia au asiwe nayo. Hilo lisingoje maelezo mengine.

Kocha na kaka yenu wote wametaja mambo yaliyotokea kweli, ila wote wawili wanatazama mfupa. Mfupa wa kijana huunga. Ninachotaka kujua mimi kwanza ni damu ilivilia wapi, na ubongo wenyewe ulijeruhiwa au ulibanwa tu.

Kati ya fuvu na ubongo kuna utando mgumu. Chini ya mfupa wa panja, pale juu kidogo mbele ya sikio, mfupa ni mwembamba na kwa ndani yake unapita mshipa wa ateri. Mfupa ukipasuka pale, mshipa huweza kuchanika na damu ikajaa kati ya fuvu na utando. Ndiyo maana mgonjwa huinuka, huongea, hata humaliza mechi, kisha baada ya saa chache anazama kwenye usingizi usio wa kawaida. Kumbe muda wote ule damu inaongezeka na ubongo unasukumwa upande. Hadithi uliyonieleza inafanana sana na hii. Damu ya namna hiyo ikitolewa mapema, ubongo ulio chini yake mara nyingi hukutwa mzima, na mgonjwa hupona vizuri kuliko familia ilivyotarajia.

Ikiwa damu ilikuwa chini ya utando, imegusana na ubongo, au ubongo wenyewe ulichubuka na kuvuja, habari ni nyingine. Hapo hubaki kovu ndani ya ubongo, na kovu hilo linaweza kuleta degedege miezi au hata miaka baadaye. Tafuteni karatasi ya kuruhusiwa hospitalini. Neno la kitaalamu la aina ya damu likianza na epi- au extra-, damu ilikuwa juu ya utando. Likianza na sub-, ilikuwa chini yake. Kwangu tofauti hiyo ina uzito kuliko urefu wa ufa.

Sasa hao wachezaji. Čech aliumia tarehe 14 Oktoba 2006, Chelsea ikiwa ugenini kwa Reading, mechi ndiyo kwanza imeanza. Goti la Stephen Hunt lilimgonga kichwani akidaka mpira, kipande cha fuvu kikabonyea kwa ndani. Alipasuliwa Oxford, akawekewa vipande vya chuma, na tarehe 20 Januari 2007 alikuwa golini Anfield dhidi ya Liverpool, amevaa kofia ya raga ambayo hakuivua uwanjani hadi alipostaafu mwaka 2019. Mason aliumia tarehe 22 Januari 2017 akiichezea Hull City pale Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea. Yeye na Gary Cahill, beki wa Chelsea, waliruka pamoja, vichwa vikagongana. Fuvu lake liliunganishwa kwa vipande 14 vya chuma na skrubu 28. Alipigania kurudi kwa mwaka mzima, na Februari 2018, akiwa na miaka 26, akastaafu kwa ushauri wa madaktari.

Ukiwaweka pamoja unaona kwa nini hawapimwi kwa mizani moja. Čech alikuwa kipa, na kazi ya kipa ni mikono. Mason alikuwa kiungo, asingeweza kukwepa mipira ya juu. Na kuna wa tatu ambaye kocha wenu angempenda zaidi kama angemkumbuka: Raúl Jiménez wa Wolves, aliyevunjika fuvu na kuvuja damu ndani tarehe 29 Novemba 2020 alipogongana na David Luiz wa Arsenal. Yeye ni mshambuliaji wa vichwa, na alirudi ligini Agosti 2021 akiwa na mkanda wa kinga kichwani. Kwa hiyo siwezi kusema kurudi hakuwezekani. Ninachosema ni kwamba hawa walikuwa watu wazima wa miaka 24 na kuendelea, wakifuatiliwa kwa karibu na mabingwa wa ubongo kabla ya kila hatua. Mdogo wako ana miaka 18 na anacheza beki wa kati, nafasi inayodai vichwa vingi pengine kuliko zote uwanjani.

Kuhusu kofia, inasaidia ngozi na inapunguza makali ya pigo juu ya mfupa uliowahi kuvunjika. Haizuii ubongo kutikisika. Lifunge dafu kwa kanga mbili kisha litikise, maji ndani yatacheza vilevile. Tena naogopa kofia kwa sababu nyingine: kijana akiivaa hujiona amekingwa, akaingia kwenye mipira ambayo angeiacha.

Kinachonitia hofu zaidi ni pigo la pili. Ubongo ambao haujatulia ukigongwa tena, hata kwa pigo dogo, unaweza kuvimba ghafla kiasi cha kuua. Hutokea mara chache, lakini visa vilivyoandikwa ni vya vijana wa rika la mdogo wako zaidi kuliko watu wazima.

Najua huenda kocha ameona ile ngazi ya hatua sita ya kumrudisha mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo: kutembea, kukimbia taratibu, mazoezi ya mpira bila kugusana, na kuendelea, kila hatua ikichukua angalau saa 24. Ni ngazi nzuri, lakini ilitengenezwa kwa mtikisiko wa kawaida, si kwa kijana aliyefunguliwa fuvu. Kwa huyu, ngazi haianzi mpaka daktari wa upasuaji aseme ianze. Wapo wenzangu wanaosubiri mwaka mzima, mfupa uwe umeunga na picha mpya zimeonekana safi, na wapo wasiomruhusu kabisa kurudi kwenye michezo ya kugongana. Mimi, kwa beki wa kati wa miaka 18, niko karibu na hao wa mwisho. Kama damu ilikuwa juu ya utando, ubongo ni safi kwenye picha ya MRI, hana degedege na darasani yuko kama zamani, ningekaa naye pamoja na wazazi baada ya mwaka tukazungumza, tena tukiongelea nafasi nyingine uwanjani. Kama ubongo wenyewe ulijeruhiwa, ningemwambia hapana, na ningemwambia mwenyewe uso kwa uso, si kumwachia dada yake mzigo huo.

Kutembea na kuongea ni mwanzo tu wa kupona. Muulizeni mwalimu wake wa darasa: anakumbuka alichosoma jana? Anachoka saa nne asubuhi? Nyumbani tazameni kama amekuwa mwepesi wa hasira, kama mwanga au kelele za redio zinamsumbua, kama bado anasikia harufu ya chakula. Watu husema kijana amekuwa jeuri tangu apone, kumbe ni ubongo unaofanya kazi kwa shida. Akilalamika taya kuuma akitafuna nyama au muwa, msishtuke sana. Msuli wa panja hukatwa wakati wa upasuaji na huchukua muda kupona. Vishimo vidogo mtakavyovisikia mkipapasa juu ya sikio mara nyingi ndipo mashine ilipoanza kutoboa fuvu.

Kama alipewa dawa za degedege, asiziache kwa sababu tu anajisikia mzima. Ni daktari anayeamua lini na kwa utaratibu gani. Mpaka awaambie vinginevyo, asiendeshe bodaboda, asiogelee peke yake, asipande miti, na pombe asiiguse. Na akipata degedege, msimpeleke kwa mganga mkapoteza wiki. Ni kovu la ubongo, lina dawa.

Naomba pia umfikishie kocha hili, kwa heshima. Kosa kubwa halikuwa kona ile, ni dakika zilizofuata, kijana aliyeanguka kwa kugongwa kichwa kuachwa amalize mechi. Siku ya Jiménez, Luiz naye alifungwa bandeji akaendelea hadi mapumziko, na lawama zilizofuata zilikuwa kali. Miezi michache baadaye Ligi Kuu ya Uingereza ikaanza majaribio ya kubadilisha mchezaji aliyegongwa kichwa nje ya idadi ya kawaida, na tangu Julai 2024 sheria za mpira zinaruhusu mashindano yoyote kutumia utaratibu huo. Mchangani hauhitaji kibali cha mtu. Aliyegongwa kichwa atoke, asirudi siku hiyo, na usiku asilale peke yake.

Kuhusu mdogo wako mwenyewe, msimwondolee mpira wote. Akishaambiwa yuko salama kukimbia, anaweza kuwasaidia wadogo mazoezini, kusomea urefa au ukocha. Mason alifuata njia hiyo, na Aprili 2021, akiwa na miaka 29, aliiongoza Tottenham kwa muda, kocha mdogo kuliko wote waliowahi kusimamia mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza.

Mkienda kliniki, rudini kwa waliompasua, au waombeni rufaa kwa daktari wa upasuaji wa ubongo. MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar es Salaam, wapo. Bebeni karatasi ya kuruhusiwa, picha za CT-Scan zenyewe na si majibu peke yake, dawa zote kwenye paketi zake, na barua fupi ya mwalimu. Na kabla ya siku ya kliniki, mkiona kichwa kinazidi kuuma, kutapika, usingizi mzito, degedege, mkono au mguu kulegea upande mmoja, au kovu la upasuaji kuvimba na kutoa usaha au majimaji, mpelekeni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.