Kabla ya Kulaumu Kasi ya Joto, Kagua Uso wa Chembe

Wiki iliyopita niliandikiwa na msomaji anayejaribu kutengeneza bijeli, yaani dutu laini ya vimiminika viwili vilivyosokotana na kushikiliwa na chembe zilizojipanga mpakani mwake, kwa maji, lutidini (kimiminika cha kikaboni) na chembe nano (ndogo mno) za silika, ambaye kila akitazama kwenye hadubini hukuta matone yaliyotawanyika badala ya vimiminika viwili vilivyopitana bila kukatika. Aliniuliza anunue kifaa gani cha kupasha moto kwa kasi zaidi. Namjibu hapa kwa urefu, kwa kuwa wengi mnaosoma makala haya mnalitamani jambo ninalolitamani mimi: dutu laini yenye vitundu vilivyoungana kutoka upande mmoja hadi wa pili, inayoweza kugeuzwa kichujio, elektrodi au kitako cha vichocheo.

Bijeli ilitabiriwa kwa uigaji wa kompyuta mwaka 2005, na mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh wakaitengeneza maabarani. Maji yenye takriban asilimia 28 ya lutidini kwa uzito ni kimiminika kimoja, lakini yakipashwa moto kupita nyuzi 34 za Selsiasi hivi, viwili hivyo hutengana. Vikitengana ghafla katika uwiano huo, kila kimoja huendelea kuwa njia isiyokatika. Vikitengana taratibu, matone huwahi kujitokeza. Chembe hunasa kwenye mpaka kati ya vimiminika hivyo, na kadiri eneo la mpaka linavyopungua ndivyo zinavyobanana, hadi zinapokosa pa kusogea na umbo lote likaganda lilivyo. Ukitaka vitundu vidogo, tumia chembe ndogo zaidi au uongeze kiasi chake.

Hapo ndipo kila mtu hukimbilia kasi ya joto. Ni kweli kasi ina nafasi yake, hasa kwa chembe kubwa, ila chembe nano huvumilia upashaji wa taratibu zaidi. Jambo zisilolivumilia ni uso usiofaa. Chembe lazima ilowe kwa vimiminika vyote viwili kwa usawa, yaani pembe ya mgusano, ile ambayo mpaka wa vimiminika hukutana nayo na uso wa chembe, iwe karibu na nyuzi 90. Ikipenda maji kupita kiasi, mpaka hupinda na kuacha matone ya lutidini ndani ya maji. Ikipenda lutidini, hutokea kinyume chake.

Katika maabara niliyokuwamo, niliyasema haya mapema na sikusikilizwa. Kiongozi wetu aliamini tatizo ni kasi tu, na katika kikao kimoja alitamka mbele ya wenzangu kwamba asiyeweza kusimamia kipimajoto asitafute kisingizio kwenye kemia. Maneno hayo yananichoma hadi leo, kwa sababu ushahidi ulikuwa mezani. Nilikuwa na mikupuo miwili ya silika yenye kipenyo kilekile, iliyopashwa moto kwa kifaa kilekile na kwa kasi ileile. Tofauti yake ilikuwa muda wa kukaushwa tanurini. Mkupuo uliokaushwa kidogo ulitoa matone ya lutidini, na ule uliokaushwa sana ulitoa matone ya maji. Joto la takriban nyuzi 170 huondoa maji yaliyong'ang'ania na sehemu ya haidroksili (vikundi vya oksijeni na hidrojeni vinavyopenda maji) zilizo juu ya silika, na kwa njia hiyo pembe ya mgusano husogea.

Nilipokausha mkupuo wa tatu kwa muda ulio katikati ya ile miwili, nilipata nilichokitafuta. Chembe zilikuwa zimetiwa rangi inayong'aa, na chini ya hadubini ya leza nikaona utando mwembamba wa mwanga uliopinda kama tandiko, ukiingia ndani ya sampuli tabaka baada ya tabaka bila kujifunga kuwa duara hata mahali pamoja. Najivunia sampuli ile, na sioni sababu ya kuficha fahari yangu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, weka fedha zako kwenye tanuri na vipimo vya uso kabla ya kifaa cha kasi. Anza na uso wa chembe. Ukipata matone, tambua kwanza ni ya kimiminika kipi, kwa maana hilo pekee litakuonyesha upande wa kurekebisha. Kisha badilisha muda wa kukausha peke yake, usiguse kitu kingine. Andika kila mkupuo ulivyooshwa, ulivyokaushwa na ulivyohifadhiwa, kwani silika hunyonya unyevu wa hewa na ya leo haitakuwa ya mwezi ujao. Na mkubwa wako akikukatiza, usinyamaze: mwekee sampuli mbili mbele yake na umtake azieleze. Tunaofanya kazi hii tuna wajibu wa kutetea tunachokiona kwa macho yetu, hata pale anayepinga ana cheo.

Lutidini huwaka moto na mvuke wake una madhara, basi fanyia kazi ndani ya kabati la maabara la kuvuta mvuke. Bijeli ikishasimama, iache katika joto kwa takriban siku nzima kabla ya kuipoza. Katika mchanganyiko huu wa maji na lutidini chembe huweza kushikana zenyewe, na mtandao ukabaki hata vimiminika vinapochanganyika tena. Ukitaka dutu ngumu ya kudumu, ingiza monoma (molekuli ndogo zinazoungana kuwa plastiki) katika kimiminika kimojawapo, uigandishe kwa mwanga, kisha umwage kilichobaki.