Magae ya kale: chungu kinasemaje kilichopikwa?

Mleta mada umesema umekuta magae shambani kwako Kasulu, ukauliza kama kweli maabara inaweza kujua wakulima wa kale walikula nini, au tunapigwa kamba. Inaweza, ila si kila kitu. Nimeshafanya kibarua cha uchimbaji wa mambo ya kale huku kwetu Kigoma, na nililoondoka nalo ni hili: chungu hukumbuka mafuta, nafaka huisahau.

Udongo uliochomwa una vitundu. Ukipika, mafuta hunyonywa humo na yanaweza kudumu maelfu ya miaka. Wataalamu husaga kipande kidogo, huyatoa kwa kemikali, kisha hupima kaboni iliyomo kwenye asidi zinazounda mafuta hayo. Mwaka 1998 watafiti Dudd na Evershed wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walionyesha kuwa kipimo hicho hutenganisha maziwa na mafuta ya nyama ya mnyama yuleyule. Mwaka 2020 magae ya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, yakiwemo ya Luxmanda, Manyara, yalionyesha maziwa, nyama na mimea.

Kwa mkulima sasa, kazi ipo. Ulezi na mtama vina mafuta kidogo. Chungu kilichosonga ugali mwaka mzima na kupikiwa nyama siku za sherehe tu, maabara kinaweza kuonekana cha nyama. Kwa hiyo lazima zitafutwe pia mbegu zilizoungua na mifupa. Huku kwetu ongeza mawese: karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya palmitiki, ambayo imo pia kwenye mafuta ya wanyama. Hapo mpimaji ajipange! Muhogo usiutafute kwa wakulima wa mwanzo, ulitoka Amerika baada ya 1500.

Ukoko nao una habari zake. Jaribio la kupika kwenye vyungu kwa mwaka mzima, lililochapishwa 2020, lilionyesha kuwa ukoko ulioungua hueleza mlo wa mwisho, na mafuta yaliyozama ukutani hueleza mapishi ya muda mrefu.

Kazini magae ya kupimwa tulikatazwa kuyaosha, kuyashika kwa mikono mitupu na kuyatia kwenye mifuko ya plastiki, maana plastiki nayo huacha kemikali zake. Yalifungwa kwa karatasi ya alumini, na udongo wa pembeni ukachukuliwa ili ulinganishwe. Sisi tuliotoka kula migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, mikono ikiwa na mafuta, ndio tuliotazamwa vibaya zaidi.

Yako usiyaguse wala usiyahamishe. Piga picha, mwone afisa utamaduni wa wilaya. Mambo ya kale yana sheria yake tangu 1964.