Babu anasema hana la kusimulia

*Shikamoo Shangazi. Babu yangu mzaa mama ni Mbena, ana miaka 77. Ujanani alijenga reli ya TAZARA, kazi ilipokwisha akabaki Mlimba kulima mpunga. Nataka kuandika kijitabu cha maisha yake, kila mjukuu apate nakala. Tatizo, nikiwasha simu kumrekodi anakaa wima kama yuko mbele ya hakimu: "Nilizaliwa, nikafanya kazi, nikaoa. Andika hivyo." Tarehe hakumbuki hata moja. Halafu mjomba amenionya nisiguse habari za mke wa kwanza, ambaye babu aliachana naye kabla ya kumuoa bibi. Nifanyeje?*
*Mjukuu, Ifakara*

Marahaba mwanangu. Kosa lako nalijua, maana nililifanya kwa mama yangu mzazi. Nilinunua daftari kubwa la kwaya tatu, nikaandika maswali 40 kwa namba. Tulipofika la tano mama akaniuliza, "Kwani kuna ajira naombewa?" Nikafunga daftari.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunachambua mchele. Bila kuulizwa, akaanza kusimulia ile miaka ya mwanzo wa themanini, sukari ilipoadimika. Aliwahi duka la ushirika kabla ya adhana ya alfajiri, akaweka jiwe kwenye foleni kushika nafasi, akarudi kuninyonyesha. Aliporudi, jiwe halipo. Basi hapo yakatoka yote: jirani aliyelitupa, matusi, na jinsi yule yule jirani alivyokuja kuwa somo yangu. Mimi simu iko chumbani! Nikasingizia tumbo, nikaenda kuandikia chooni.

Kwa hiyo usimuulize babu maisha yake. Nani anaweza kujibu swali hilo? Muulize kambini walilala wapi, nani alipika, Wachina walimwitaje, mshahara wa kwanza ulinunua nini. Ukiweza, mpeleke stesheni ya Mlimba siku ya treni, mkae tu. Kutoka hapo kwenda Makambako reli inapanda milima, ina madaraja na mahandaki mengi. Muulize kama aliingia handakini, na aliogopa nini. Mkono wake ukianza kuonyesha huku na huku, nyamaza.

Tarehe zisikutie homa. Wazee wetu hawahesabu kwa kalenda, wanahesabu kwa mambo yaliyotokea. Ujenzi wa reli ulianza 1970, njia ikakamilika 1975, ikakabidhiwa rasmi 1976. Muulize mtoto wa kwanza alizaliwa reli ikiwa imefika wapi. Kulikuwa na kuhamia vijijini, vita vya Kagera 1978 hadi 1979, na Waziri Mkuu Sokoine alipofariki kwa ajali pale Dakawa, Aprili 1984. Mkoani kwenu sidhani kama kuna mzee asiyekumbuka alikuwa wapi aliposikia habari ile. Andika anavyosema yeye, mwaka wako utie kwenye mabano.

Na akiacha Kiswahili akatumbukia kwenye Kibena, mwache. Neno lake libaki, maana yake iandike pembeni. Vijana mna tabia ya kuwasafisha wazee mpaka wanaongea kama taarifa ya habari.

Kurekodi: simu iweke juu ya kanga iliyokunjwa, si mezani, na usirekodi mvua ikipiga mabati. Siku hiyo hiyo tuma sauti kwa ndugu wawili. Mimi mazungumzo ya Pasaka nzima yalizama na simu kwenye ndoo ya maji.

Sasa mjomba. Hofu yake naielewa. Mara nyingi aibu ya familia ina heka kadhaa za shamba ndani yake. Lakini maisha si yake, ni ya babu. Muulize babu mwenyewe, mkiwa wawili, simu imezimwa. Akikataa, acha, na usimzungukie kwa bibi. Akikubali, jambo bado: yule mama yu hai? Ana watoto? Kama wapo, nao ni wajomba na mama zako, na kijitabu kitawafikia tu. Waandike kwa majina yao. Ugomvi wa ndoa uache, maana wewe utakuwa umesikia upande mmoja. Yule mama mwenyewe mwandike kwa ruhusa yake.

Kuchapa ni kazi ndogo, duka lolote la steshenari litakufungia. Herufi ziwe kubwa, babu asome bila kuazima miwani. Ila kabla ya kuchapa msomee yote, ukurasa kwa ukurasa. Mimi nilipomsomea mama, tulipofika kwenye foleni ya sukari akanikatiza.

"Jiwe? Nani kakwambia jiwe? Ilikuwa kandambili yangu, ya mguu wa kushoto. Na mpaka leo sijaipata."