Skripti ilibadilisha nywila, usiku programu zikakataliwa

SWALI: Nasimamia seva 6 zinazotumia hifadhidata moja ya MySQL. Nilichoka kubadilisha nywila kwa mkono, nikaandika skripti ya kuibadilisha kila mwezi. Ilifanya kazi saa mbili usiku bila kasoro, lakini kuanzia saa tano programu zikawa zinakataliwa moja baada ya nyingine. Bosi anataka turudi kwenye mkono. Na je, nywila za wafanyakazi nazo niziingize?

JIBU: Usirudi kwenye mkono, ndugu yangu. Kosa la skripti yako ni moja: iliiua nywila ya zamani papo hapo. Muunganisho uliokwisha kufunguliwa hauulizwi nywila tena, ndiyo maana kwa saa tatu ukaona shwari. Miunganisho ile ilipofikia ukomo, programu zikabisha hodi upya na nywila iliyokwisha kufa.

Ziache mbili ziishi pamoja kwa muda. MySQL inaruhusu hilo tangu toleo la 8.0.14 la mwaka 2019: mwishoni mwa ALTER USER, amri ya kubadilisha nywila, ongeza RETAIN CURRENT PASSWORD. Sambaza mpya kwenye seva zote, skripti yenyewe ijaribu kuingia nayo, kisha usubiri ndipo uifute ya zamani.

Kusubiri ndiko nilikokosea mimi. Nakala zetu za akiba zilichukuliwa na faili moja dogo lenye nywila ndani yake, nami nikalisahau nilipoifuta ya zamani. Kwa siku 11 likatoa nakala zenye majina sahihi, tarehe sahihi, na ukubwa wa baiti 0. Niliziona siku tulipozihitaji, na hadi leo orodha ile ya sifuri haijanitoka machoni.

Tangu hapo natumia akaunti mbili zenye ruhusa sawa, kwa zamu: mwezi huu hii, mwezi ujao ile. Faida yake ni kwamba jina la anayeingia linaonekana. Kabla ya kubadilisha nywila ya akaunti iliyopumzishwa, natazama jedwali la accounts ndani ya performance_schema, sehemu ya MySQL inayohesabu miunganisho ya kila akaunti. Hesabu ya akaunti hiyo ikiongezeka hata kwa moja, skripti inasimama nami naanza kumsaka anayeitumia bado.

Za wafanyakazi ziache. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishauri tangu 2017 watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa ratiba, isipokuwa kuna dalili kwamba imevuja.