Msisubiri mwaka wa tatu: timu ya ICPC hujengwa na waliofika jana

Wadogo zetu mnaoripoti msimu huu Kijitonyama, Dodoma, Chiromo au Makerere, karibuni. Mkishamaliza usajili na kuzijua njia za kwenda maabara, mtaanza kuona picha za timu ya idara iliyokwenda kushindana kuandika programu: vijana watatu, fulana zinazofanana, cheti mkononi. Wengi mtapita mkisema hayo ni ya wakubwa, zamu yetu itafika. Hapo mnakosea, na wakubwa wenu wanaowaacha mpite wanakosea zaidi.

Tupige hesabu. Sheria za ICPC, mashindano ya dunia ya wanafunzi wa vyuo ya kuandika programu, humruhusu mwanafunzi kushindana ngazi ya kanda hadi mara 5, na fainali za dunia hadi mara 2. Digrii ya sayansi ya kompyuta katika vyuo vingi vya Tanzania ni miaka 3. Anayeingia kwenye timu akiwa mwaka wa kwanza anapata misimu 3. Anayesubiri mwaka wa tatu anapata mmoja tu, tena huku akihangaika na mradi wa mwisho. Na msimu wa kwanza karibu kila mara huishia kwenye kujifunza: namna saa 5 zinavyoyeyuka, namna watu watatu wanavyogombania kibodi kimoja. Ada hiyo ilipwe mapema. Fainali zenyewe haziko sayari nyingine. Aprili 2024 zilifanyika Luxor, Misri, ya 46 na ya 47 kwa mpigo.

Mchezo uko hivi. Timu ni watu 3, kompyuta 1, saa 5, maswali kama 10 hadi 13. Anayetatua mengi ndiye wa juu. Wakilingana, unaangaliwa muda: kwa kila swali lililokubaliwa huhesabiwa dakika tangu mashindano yaanze hadi jibu lilipokubaliwa, na kila jibu lililokataliwa kabla ya hapo huongeza dakika 20. Swali ambalo hukulipata kabisa halina adhabu hata ukilituma mara kumi. Kwa mfano, timu ya kwanza imepata swali A dakika ya 15 baada ya kukosea mara moja, na B dakika ya 60: 35 na 60 ni 95. Timu ya pili imepata A dakika ya 20 na B dakika ya 70 bila kukosea: ni 90, na ndiyo iko juu, ingawa ilikuwa nyuma kwa kila swali. Wageni wanaotuma ili waone tu itakuwaje huumizwa na hesabu hii.

Asiye na laptopu asikae pembeni. Watu watatu wakiwa na kompyuta moja, wawili muda wote wako kwenye karatasi, kwa hiyo laptopu moja ya RAM GB 4 yenye Linux na g++, kompaila ya lugha ya C++, inatosha timu nzima. Mtu aliyezoea kuandika programu kwa kalamu, akaipitia mstari kwa mstari kabla hajagusa kibodi, ana thamani kubwa kuliko mwenye mashine ya mamilioni anayefikiri kwa vidole. Hata bando si kikwazo kikubwa, maana kurasa za maswali ni maandishi, hazili data kama video. Pakua maswali 10 kwa waifai ya chuo, yafanyie kazi chumbani, tuma majibu ukirudi kesho yake.

Sasa upande wa wenyeji. Kikao cha kwanza na wageni kiwe ndani ya wiki 2 za mwanzo, kabla hawajaanza kuzidiwa na testi, na kisiwe cha hotuba. Kiwe cha saa 2, na kila mgeni atoke akiwa ametuma angalau jibu moja. Tunapenda kuanzia na swali moja lililo kwenye CSES, mkusanyo wa maswali unaotunzwa Finland: kuna namba zote kuanzia 1 hadi n isipokuwa moja, sema ipi haipo. Hapo n inaweza kufika 200,000, na muda ni sekunde 1.

Karibu kila mgeni ataandika lupu (hatua zinazojirudia) mbili, moja ndani ya nyingine: kwa kila namba kuanzia 1, pitia orodha nzima uone kama imo. Kwa namba 5 jibu linatoka sawasawa, naye anafurahi. Anatuma, seva inarudisha TLE, muda umeisha. Mwache aipate hiyo TLE, usimwokoe. Kisha mkae naye na karatasi: 200,000 mara 200,000 ni hatua bilioni 40. C++ kwenye mashine ya kawaida hufanya kama hatua nyepesi milioni 100 kwa sekunde. Programu yake inataka sekunde 400, na amepewa 1. Kuanzia siku hiyo hataandika tena lupu kabla ya kuangalia n ni ngapi.

Waliotoka kidato cha sita na PCM watakumbuka jumla ya 1 hadi n: n mara (n+1), gawa kwa 2. Ukitoa jumla ya namba zilizopo, inayobaki ndiyo iliyokosekana. Wataandika kwa int, aina ya kawaida ya namba kamili kwenye C++, watatuma, na safari hii watapata WA, yaani jibu si sahihi, huku majaribio madogo yote yakiwa yamepita. Kwa nini? Kwa sababu n ikiwa 200,000, n mara (n+1) ni 40,000,200,000, na int ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. Hesabu imefurika kabla hata ya kufika kwenye kugawa kwa 2. Badilisha ziwe long long, aina inayobeba namba kubwa zaidi, n yenyewe ikiwemo. Ukibadilisha kigeu cha jibu peke yake, kuzidisha kutafanyika bado kwa int na kosa litabaki palepale. Swali hilo moja limewaonyesha makosa mawili yanayoangusha timu nyingi, tena bila mtu kuhutubia.

Yapo makosa mengine. Kutumia endl, amri ya C++ ya kumaliza mstari, kwenye kila mstari wa majibu 200,000 huichelewesha programu, maana kila mara inalazimishwa kumwaga ilichokusanya, tumia '\n'. Swali lenye majaribio mengi ndani ya faili moja husahaulisha watu kusafisha safu za jaribio lililopita. Na n = 1 ijaribiwe daima.

Kuhusu lugha, ICPC hukubali C, C++, Java, Python na Kotlin. Ushauri wetu ni C++ kwa anayeanza leo, kwa sababu ya kasi na kwa sababu maelezo mengi ya majibu yameandikwa kwa lugha hiyo. Mwenye Python tayari asiiache. Kuna maswali ya namba kubwa ambayo ataimaliza kazi kwa mistari 5.

Jambo linalowasumbua vijana wetu kuliko algoriti ni Kiingereza cha maswali. Swali linaweza kuwa na ukurasa mzima wa hadithi ya mfalme na barabara zake, na kinachotakiwa ni njia fupi tu. Soma kwanza mipaka ya data, kisha mfano wa data zinazoingia na jibu linalotoka, kisha ndipo hadithi. Halafu mwelezee mwenzako swali kwa Kiswahili, kwa sentensi 2. Zikikushinda, hujalielewa, na usiruhusiwe kukaa kwenye kibodi. Tunawasihi mlishike hili. Timu nyingi hupoteza saa nzima zikitatua swali ambalo halikuulizwa.

Ndani ya chumba cha mashindano, maswali hayapangwi kwa ugumu. Dakika 20 za kwanza wagaweni: mmoja asome ya mwanzo, mwingine ya katikati, wa tatu ya mwisho. Kila swali lina rangi yake, na timu ikilipata hufungiwa puto la rangi hiyo mezani. Mkiona puto za rangi moja zinaanza kupaa kwenye meza nyingi, hilo ndilo swali jepesi, liendeeni. Jibu likikataliwa, chapisheni programu kwenye karatasi, aliyeiandika ainuke akatafute kosa mezani, na mwingine akae. Kumtoa mtu kwenye kibodi ni kugumu, hasa akiwa mkubwa kwenu kimasomo, kwa hiyo kubalianeni mapema: dakika 10 bila kupata kosa, unainuka. Saa ya mwisho ubao wa matokeo hugandishwa, hamtaona wengine wanafanya nini. Msianze swali jipya gumu wakati huo kama kuna lililobakiza kosa dogo.

Katika kupanga timu, msiwaweke marafiki watatu wa darasa moja la sekondari. Aliyekuja na stashahada kwa kawaida ameshazoea safu, faili na kutafuta makosa. Aliyetoka kidato cha sita ana hesabu mbichi kichwani. Wakae pamoja. Msichana akiingia kwenye timu apewe kibodi kama wengine, asifanywe karani wa kuandika majibu ya wenzake. Tumeliona hili linatokea bila mtu kukusudia, ndiyo maana inabidi kocha aliangalie kwa makusudi.

Saa 6 kwa wiki zinatosha: vikao viwili vya saa 2, na saa 2 za kumalizia maswali yaliyowashinda. Mara moja kwa mwezi fanyeni saa 5 kamili bila intaneti, bila simu, bila akili mnemba, kwa sababu siku ya mashindano hivyo vyote havipo. Raundi za daraja la 3 na la 4 za Codeforces, tovuti ya mashindano ya kuandika programu, zinawafaa wageni; daraja la 2 lisubiri. Wiki 2 kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula, simamisheni kila kitu. Mchezaji mwenye sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, hatakuja mazoezini muhula unaofuata, na mwenye kudisko, yaani aliyeondolewa chuo kwa kufeli, hatakuja kabisa.

Tukirudi kwenye zile picha ukutani. Tangazo la ushindi linalosema vijana wameiletea idara heshima halimsaidii mgeni yeyote. Liandikwe hivi: walitatua maswali mangapi kati ya mangapi, walikuwa wa ngapi kati ya timu ngapi, lipi liliwashinda na kwa nini. Kisha ndani ya siku 7 baada ya kurudi, huku kumbukumbu ingali ya moto, timu ikae ikatatue yale iliyoyakosa, na kila swali liwekwe kwenye folda moja: swali lenyewe, programu iliyokubaliwa, mistari 3 ya Kiswahili kueleza wazo, na programu iliyokataliwa pamoja na sababu. Hiyo ya mwisho msiifute, ndiyo wageni wanayojifunzia zaidi.

Kutoka kwenye folda hiyo ndimo mtapata pia daftari la timu, yaani kurasa za msimbo mnazoingia nazo chumba cha mashindano. Fainali za dunia huruhusu kurasa 25 zilizochapishwa, lakini kurasa 25 za msimbo ambao hakuna kati yenu aliyewahi kuutuma ni mzigo. Anzeni na vitu 6: njia fupi kwenye grafu, kutafuta kwa nusu, namba tasa, kuunganisha makundi, jumla limbikizi, na kiolezo cha kusomea data kwa haraka.

Neno la siri la folda apewe mtu wa mwaka wa kwanza, si wa mwaka wa tatu. Wa mwaka wa tatu anamaliza Julai, anaondoka na laptopu yake, na Novemba wageni wengine wanafika.