Magazini tatu zinatosha, nafasi iliyobaki weka toniketi

Ndugu, umeuliza kama askari wa doria Marekani abebe magazini tano au zaidi, yaani makasha ya risasi yanayochomekwa kwenye bastola. Mimi nasema hapana. Bastola ya Glock 17 inachukua risasi 17. Magazini moja ndani ya bastola na mbili mkandani ni risasi 51, na makabiliano mengi huisha kabla hata ya kubadilisha ile ya kwanza.

Zamani ilikuwa tofauti. Newhall, California, mwaka 1970, askari polisi wanne wa barabara kuu waliuawa kwenye makabiliano ya risasi, enzi za bastola za risasi sita zilizojazwa moja moja kwa mkono. Hapo hoja ya risasi chache ilikuwa ya kweli kabisa. Lakini North Hollywood, Los Angeles, mwaka 1997, polisi walipopambana na majambazi wa benki, tatizo halikuwa idadi: risasi za bastola hazikupenya fulana za kuzuia risasi za majambazi. Baada ya hapo bunduki ndefu za doria zikaongezwa kwenye magari ya polisi.

Pingu, redio, tochi na bastola tayari vinamuumiza mtu kiuno zamu nzima. Nafasi iliyobaki weka toniketi ya kuzuia damu, tena pale ambapo mkono wowote utafika. Na fulana ya kuzuia risasi avae kila siku, hata kwenye joto.