Bia Inanivimbisha Midomo, Wanzuki Hainidhuru

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mimi ni fundi seremala mwenye umri wa miaka 38. Mara tatu sasa, kabla sijamaliza chupa ya kwanza ya bia, midomo imevimba na mwili umetoka mabaka yanayowasha. Mara ya mwisho hata kifua kilibana. Wenzangu wanasema pombe imenikataa, lakini wanzuki ya asali nimekunywa miaka yote bila shida, na chapati ninakula kila asubuhi. Tatizo ni nini?
Msomaji, Ng'ambo, Tabora

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Umefanya vema kutaja wanzuki, kwa sababu kama kilevi chenyewe ndicho kingekuwa chanzo, nayo ingekudhuru. Bia nyingi za kiwandani hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, na baadhi ya protini za nafaka hiyo hustahimili kuchemshwa na kuchachushwa hadi zikaingia kwenye chupa. Kwa kuwa shayiri si chakula chetu cha kila siku Unyamwezini, mtu anaweza kuishi na mzio wake bila kuujua mpaka siku anapokunywa bia. Ngano ni ndugu wa karibu wa shayiri na wapo wanaodhuriwa na zote mbili, ila chapati zako zinanifanya niishuku zaidi shayiri. Hata hivyo, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu wake), hamira, au mahindi na mtama unaotiwa katika baadhi ya bia huweza kuleta mzio, hivyo ni vipimo vya ngozi au damu vitakavyothibitisha.

Kilichonitia wasiwasi ni kifua kubana. Nakusihi usijijaribu tena, hata kwa nusu glasi, na uviepuke pia vinywaji vya kimea visivyo na kilevi, ambavyo watu wengi huvidhania salama ilhali shayiri imo. Dalili zikirudi na pumzi ikawa nzito, sauti ikakwama au ukahisi kuzirai, usisubiri vidonge vya kutuliza mzio kama setirizini vifanye kazi: lala chali, au ukae ikiwa pumzi inakusumbua, kisha upelekwe hospitali mara moja, kwani hapo tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini pajani.

Wiki hii fika hospitali ya mkoa, Kitete, ukiwa na chupa tupu yenye lebo ya bia uliyokunywa. Mweleze daktari pia ulichokula siku hiyo, na kama ulikuwa umemeza aspirini au diklofenaki, maana dawa hizo zikikutana na pombe huweza kuuzidisha mzio.